Ndeti Anaenda Chuo

Kabati, Kitui
Agosti 1988

Kwa Baba Ndeti,

Huku tuko wazima. Ndeti anaingia chuo cha ualimu Jumatatu, kwa hivyo nimemfundisha kufua na kupika. Mama yako alicheka: "Mwanaume jikoni?" Lakini jana kijana alipika chapati na ndengu, na mama yako akaomba sahani ya pili. Nilifurahi sana.

Tulipokuwa tukipanga nguo kwenye sanduku, Ndeti aliniuliza, "Mama, baba atakuja kunisindikiza?"

Nikamwambia, "Atakuja."

Miaka mitatu uko Mombasa bila kufika nyumbani, na leo sikuulizi sababu. Omba ruhusa kazini, ufike Jumapili. Usinifanye mwongo mbele ya mtoto.

Ni mimi mkeo,
Kaluki