Kapeti ya Wajina Wangu

Jumatatu, 7 Julai

Nimekamua. Ng'ombe ametoa kidogo, ni hii baridi. Nimefagia nyumba mara mbili, upepo wa Ruiri umerudisha vumbi mara tatu.

Wanja, bibi ya marehemu kijana wangu, amepiga simu. Tiketi ya Uarabuni imetoka, anaenda kazi ya nyumba. Jumamosi atakuja na mtoto. Kuona tu, amesema. Hajaamua kama atamwacha kwangu ama kwa mama yake huko Embu.

Mtoto ana miezi kumi. Ni wajina wangu, aliitwa jina langu. Mwezi wa tano walilala hapa siku mbili, akarudi na nimonia. Wanja alisema ni baridi ya simiti yangu hapa chini. Hakusema vibaya. Lakini alisema.

Tangu kijana wangu Mutwiri azikwe, huyu mtoto ndiye amenibakia. Naogopa atapelekwa Embu.

Jumanne, 8 Julai

Mungu yuko. Mwalimu wa hapo juu ameweka taili kwake, na bibi yake amenipa kapeti ya zamani. Nzito, rangi ya chai ya maziwa. Nimeibeba na jirani yangu, Mama Kinya, kwa bega. Njiani akasema, "Mama Mutwiri, watu watafikiria tumebeba bwana ya mtu amelewa." Nimecheka mpaka nikaketi kando ya barabara.

Fundi wa kapeti yuko Meru mjini, nyuma ya soko ya Gakoromone. Anasema anaweza kuja wiki ijayo. Wiki ijayo itanisaidia nini? Nitaiweka mwenyewe.

Jumatano, 9 Julai

Nimeianika kwa ua, nikaipiga na fimbo. Nimepima sebule na kamba, kila ukuta fundo lake. Ukiingia, kona ya kushoto ukuta wa chumba umetokea ndani. Hapo lazima nikate pembe. Nimepima hiyo kona mara tano.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeharibu.

Sikutaka kuichafua juu na makaa ya kuchorea. Nikaigeuza, nikachora mgongoni. Nikakata na kisu ya jikoni. Tumeiingiza na Mama Kinya, tukaifungua. Pembe imekatika kulia. Kushoto kapeti imepanda ukuta, na kulia simiti iko wazi, pana kama kitanda ya mtoto.

Ukichora mgongoni, kushoto inageuka kulia. Mtu amesoma angejua. Mimi niliachia darasa la tatu.

Mama Kinya alinipigapiga bega. Hapo nikajua ni mbaya. Alipoenda nimepiga magoti kwa hiyo simiti nikalia. Embu kwa mama yake kuna nyumba nzuri. Hapa kuna mimi tu na shimo.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepigia fundi. Amecheka kwanza, mjinga huyo. Halafu akanihurumia. "Mathe, si kile kipande ulitoa uko nacho? Kirudishe, ushone. Angalia manyoya yalale upande moja. Halafu usukume na goti, usivute na mkono."

Kipande kilikuwa hapo kwa mlango siku yote. Hofu imenipofusha.

Nimekata kushoto. Kulia nimeshona na sindano ya gunia, nikaongeza gundi ya viatu. Mshono unaonekana kama kovu. Na katikati ya nyumba kuna mkunjo, umeinuka kama tuta la viazi. Nikiusukuma kuelekea ukuta, mshono unafunguka. Nikishika mshono, mkunjo unarudi. Mama Kinya ameenda kuona dadake hospitali. Niko peke yangu na mikono mbili tu.

Goti limevimba. Mtoto atajikwaa hapo. Wanja ataona. Kwisha.

Jumamosi, 12 Julai

Wamekuja.

Wanja amevua viatu kwa mlango. Ameweka kiganja chini, ameona mkunjo, ameona kovu.

"Mama, nani amekuwekea hii?"

"Ni mimi."

Nilingoja acheke. Amempatia mtoto kijiko achezee, akapiga magoti. "Shika huko kwa mshono. Mimi nisukume."

Tumesukuma mpaka jasho. Mkunjo umefika ukutani, tukapigilia misumari na vizibo vya soda ili kapeti isipasuke. Mtoto alikuwa anatambaa nyuma ya mama yake, kila mahali anaenda, naye anaenda.

Juu ya Embu hajasema kitu. Nimeshindwa kuuliza.

Jumapili, 13 Julai

Ameniambia jikoni akiosha vikombe. Hakunitazama.

"Atabaki na wewe, Mama. Miaka mbili."

Nilitaka kupiga nduru ya furaha. Halafu nikaona mabega yake yameanguka. Alikuwa anaosha kikombe moja tu, kile kile.

Jumanne, 15 Julai

Wanja ameondoka jana asubuhi, mtoto akiwa amelala. Alisema hataweza akiwa macho.

Mtoto ameamka akatambaa mpaka mlangoni. Ameketi hapo. Akisikia pikipiki, anainua kichwa. Uji amekataa. Kubebwa mgongoni amekataa. Ameniangalia kama mtu hanijui.

Wiki nzima nimeombea abaki. Sikuwahi kufikiria huyu atamngoja mama yake.

Saa hii ya mchana usingizi umemshika hapo hapo mlangoni. Nimeogopa kumhamisha asiamke. Nimemfunika na leso, nikalala kando yake. Anapumua vizuri, kifua haina sauti.

Chini si baridi.