Usitoe Kiwanja cha Baba kwa Gari-Nyumba

Gisenyi, Rwanda

Mdogo wangu Rajabu,

Salamu zikufikie wewe, mkeo na watoto, na zaidi Mama, ambaye naomba umsomee haya ya mwanzo tu. Miguu yake inaendeleaje? Bado anaikanda kwa mafuta ya nyonyo au ameshachoka nayo? Mimi ni mzima wa kutembea. Kifua kinanibana asubuhi kwa ajili ya unyevu wa ziwa, na milima ikishafunga mawingu hata nguo iliyofuliwa haikauki siku tatu. Lakini nala, nalala, namshukuru Mungu.

Sasa mwambie Mama salamu zimekwisha, utoke nje usome peke yako.

Barua yako aliniletea Seif, dereva wa lori, safari yake iliyopita. Nimekaa nayo mfukoni wiki tatu bila kujibu, na hilo ni kosa langu. Unasema yule tajiri wa ghala la mpunga aliachiwa gari-nyumba kubwa na watafuta madini, lenye vitanda, jiko na choo ndani, na anataka mbadilishane: yeye achukue kiwanja cha Baba cha barabarani, wewe uchukue gari. Unasema utawakodisha wageni wawe wanalala humo porini. Unaniomba ridhaa kama mkubwa wako. Na umeandika, wallahi nimelisoma mara kumi, "Kaka, mbona wewe limekutoa?"

Rajabu, halijanitoa. Limenimaliza. Usitoe kiwanja.

Ile picha niliyowatumia, nimeegemea gari nimevaa shati jeupe, gari halikuwa limewaka miezi miwili. Shati niliazima kwa Mama Zuhura, fundi cherehani ambaye nimeegesha uani kwake. Lilikuwa la mteja. Nilitaka Mama afurahi. Sikujua kwamba na wewe ulikuwa unaitazama.

Unakumbuka nilivyoondoka gerejini Kahama na yule mhandisi wa maji, mzee wa Kizungu aliyekuwa akipita na nyumba yake ya matairi, akanichukua niwe dereva na fundi wake. Mambo yalipochacha huku alipanda ndege akaenda zake, akaniachia ufunguo na kadi ya gari yenye sahihi yake. "Ni lako," akasema. Nililia kwa furaha, mjinga mimi. Watoto wa mtaa wanaliita inzu igenda, yaani nyumba inayotembea kwa Kinyarwanda chao. Wangejua!

Gari-nyumba ni magari mawili yaliyogombana, mdogo wangu. Moja ni lori, jingine ni nyumba, na likipona hili linaugua lile. Nyumba ya kawaida haitikiswi. Hii unaitikisa barabara nzima ya mawe, halafu unashangaa kwa nini bati la paa limeachana kwenye maungio. Hapa mvua hainyeshi mbali na mtu. Maji yaliingia juu ya kitanda, nikaweka sufuria, nikajiona mwerevu. Kumbe maji hayo hayakuwa yakidondoka yote. Mengine yalikuwa yanashuka ndani ya ukuta, kati ya bati la nje na mbao za ndani. Nilipokuja kubonyeza ukuta kwa kidole gumba, kikazama. Mbao zote zimekuwa uji. Nimegongelea vipande vya mbao za masanduku ya samaki, na sasa ukilala upande wa kushoto unanusa sambaza, dagaa wa ziwa hili.

Choo nacho! Watu wote wanakipenda hicho choo, mpaka wajue kwamba kile kinyesi hakiendi popote. Kimekaa chini yako kwenye tenki, kinakungoja. Kila baada ya siku nne nabeba, na mtaa mzima unaangalia. Mama Zuhura siku ya kwanza alisimama mlangoni akacheka hadi akashika ubavu: "We Chande! Mutu anabeba choo yake kama mutoto mugongoni? Mi sijaona!" Nilichimba shimo nyuma ya ua nikajenga choo cha kawaida. Kile cha ndani naweka viazi.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililoniua ni jingine, na nitakwambia ingawa nikikumbuka nataka kujipiga kofi.

Kusini mwa mji, Nyamyumba, kuna chemchemi za maji moto kando ya ziwa. Watu wanakwenda kuoga, wanakanda migongo, wanabeba kwenye bidoni, yaani madumu, kuwapelekea wagonjwa. Mama Zuhura aliniambia, "Maji ile iko dawa ya kila kitu." Mimi na kifua changu nikawa nakwenda. Nikaanza kuyajaza kwenye tenki la kuogea, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kuchemshwa na Mungu, gesi inabaki. Na hapo fundi wa miaka ishirini akapata akili ya ziada. Kila fundi anajua injini ikiwa ya moto huimwagii maji baridi, inapasuka. Basi mimi nikasema, haya hapa maji moto ya bure, injini itaona raha gani! Nikawa naijazia rejeta maji ya Nyamyumba. Mwaka mzima, Rajabu. Hata madereva wengine niliwashauri.

Maji yale yana chumvi ya mawe. Unajua birika la Mama la zamani lilivyokuwa na ukoko mweupe ndani? Ndivyo ilivyokuwa injini yangu, na mimi kwa nje nafuta vumbi naimba. Pampu ya kuogea ilikufa kwanza. Sikusoma ishara.

Ulipoandika safari ile nyingine kwamba Mama ameanguka, nilisema nakuja, nakuja na gari, nitamlaza kitandani nimpeleke hospitali kubwa kama malkia. Barabara ya Ruhengeri siku hizi, kwa ajili ya waasi, huendi peke yako. Magari yanakusanyika asubuhi, wanajeshi mbele na nyuma, mnaondoka kwa msafara. Nikajipanga katikati ya malori. Mama Zuhura alinifungia chapati, akaniombea dua. Kona ya kwanza tu ya mlima, mshale wa joto ukapanda. Ya pili, moshi. Nikasikia "ta!" chini ya miguu yangu, na nikajua, jinsi mtu anavyojua jino lake limevunjika. Nyuma yangu honi. Mwanajeshi akashuka mbio: "Toa hii nyumba kwa barabara! Msafara haiko inangoja mutu!" Wakanisukuma pembeni, malori yakanipita moja moja, na wale madereva niliowashauri maji moto wakinitazama. Wanajeshi wawili walinihurumia wakabaki nami hadi nilipoligeuza, nikaliteremsha mjini bila injini, kwa breki na Bismillahi. Silinda hedi imepasuka. Spea yake haipo Kigali, haipo Goma, haipo popote ninapopajua.

Utaniuliza mbona sikuliacha nikapanda lori la Seif. Aibu. Niliondoka fundi, nirudi na begi? Lakini barua yako imenivunja ile aibu. Nimeamua. Safari hii Seif akishuka, nashuka naye. Nitafungua gereji pale pale mbele ya kiwanja, malori yote ya Rwanda yanapita hapo, sitakosa kazi, na Mama nitamwona kila siku. Kwa hiyo nasema tena, usibadilishane. Mwambie tajiri kaka amekataa, unitupie mimi lawama. Barua hii Seif atampa dereva atakayetutangulia. Ningojee.

*

Naendelea, leo Alhamisi. Seif amefika jana mchana. Nilimkimbilia na barua hii mkononi, begi nimeshalifunga. Akaniangalia, hakuipokea.

"Chande, kaa kwanza," akasema.

Ameniambia umeshaweka sahihi. Ameniambia kwamba ulingoja wiki mbili, ukawaita wazee, wakasema kaka amenyamaza, na kunyamaza kwa mkubwa ni kukubali. Nyumba ya Baba mliyokuwa mkikaa hapo imeshabomolewa, tajiri ameshamwaga mchanga na mawe ya kujengea ghala. Na Mama, Seif anasema, mmempandisha kwenye gari kwa ngazi, analala humo pamoja nanyi watano.

Nilikutukana, nakiri. Nilikutukana matusi mbele ya Seif mpaka Mama Zuhura akatoka na futi yake shingoni, akasema, "Bon, inatosha. Maji imeisha kumwangika. Mufundishe mudogo wako kuchunga hiyo kintu, mama yenu iko ndani." Nikaketi juu ya begi langu. Ni kweli, Mama yuko ndani. Na aliyewadanganya kwa picha ni mimi, na aliyenyamaza ni mimi.

Basi sikiliza, na usilipuuze hata moja.

Leo hii panda juu ya paa, si kesho. Tembea kwenye maungio kwa magoti, usikanyage katikati. Pakiwa na ufa wa unene wa ukucha, ziba kwa lami iliyoyeyushwa na kitambaa, kabla ya masika. Bonyeza kuta zote kwa kidole gumba, hasa chini ya madirisha na anapolala Mama.

Gesi inaniogopesha kuliko yote. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira; yakitoa mapovu, gesi inavuja. Funga mtungi kila mkimaliza kupika, na usilale madirisha yote yakiwa yamefungwa hata kukiwa na baridi. Mkaa ndani ya gari usiingie kabisa, mwambie mkeo.

Betri ni mbili, ya injini na ya nyumba. Watoto wakitaka redio na taa, ni ya nyumba tu. Maji ya betri angalia kila Ijumaa ukitoka kuswali, ili usisahau. Panya wanapenda nyaya. Usiache pumba wala karanga chini ya viti.

Matairi yatakuonyesha meno mazuri na kukuambia ni mapya. Tazama ubavuni. Gari lililosimama muda mrefu, mpira unapasuka nyufa ndogo ndogo, na likipasuka la mbele njiani nyumba nzima inalala. Mengine ya nyuma huwa mawili mawili, la ndani hulioni mpaka uinamie. Kama halitembei, lipandishe juu ya magogo, uzito usikae kwenye matairi. Na liwe sawasawa. Weka sinia la maji sakafuni, likimwagika upande mmoja, inua upande huo. Mama asilale kichwa chini.

Likitembea, tenki la maji liwe robo tu, maji ni mazito kuliko abiria wako wote. Pima urefu wake kwa kamba, uandike pale mbele ya usukani, maana nyaya za umeme hazitakusubiri ukumbuke. Mteremkoni tumia gia ndogo, breki ziache zipumzike.

Na rejeta, Rajabu, maji ya mvua. Yaliyochujwa kwa kitambaa. Usisikilize mtu yeyote mwenye akili ya ziada.

Ukifanya yote hayo, litakufa polepole. Sikudanganyi tena. Nimelifanyia langu karibu yote hayo na bado limekufa. Wageni hawatakuja kukodi. Watafuta madini wenyewe wamelitupa, ungejiuliza kwa nini. Lakini labda litadumu muda wa Mama kulala pakavu, na hiyo ndiyo faida yake nzima.

Seif amenisubiri hadi leo na kiti cha mbele kitupu. Nimemwambia aondoke. Nije nilale wapi? Wa saba kwenye sanduku lenye watu sita, na gereji niifungue mlangoni kwa ghala la watu? Huku angalau nimeshazoea harufu ya sambaza. Mama Zuhura amesema nibaki, nimtengenezee vyerehani vyake, kuna chakula. Si maisha, ila ni chakula.

Nisalimie shangazi yetu wa maandazi ya stendi, mwambie sina hasira naye ingawa najua alikuwa miongoni mwa hao wazee. Nisalimie mjomba muadhini, aniombee. Mkeo mwambie pole kwa kupanda ngazi na ndoo. Watoto wasichezee breki ya mkono.

Mama akikuuliza narudi lini, tulizoea kumwambia mwezi ujao. Usimwambie tena hivyo. Mwambie kaka anafanya kazi. Akisisitiza, mpe maji, zungumzia kitu kingine.

Barua zangu zote nilikuwa namalizia "kaka yako aliye safarini". Leo nimeliandika, nikalifuta. Aliye safarini ana pa kurudi.

Chande,
mkazi wa Gisenyi.