Ukurasa wa Shukrani

Misunkumilo, Mpanda
22 Agosti 1996

Baba yangu mpendwa Gervais,

Shikamoo. Usishangae hivyo vidole hapo juu. Emelyne ametoka kuchovya mkono kwenye wino wa mashine, akaugonga kwenye karatasi yako. Nimemfokea, ananicheka. Mjukuu wako mzima, meno manne sasa. Nyie hapo Sibwesa hamjambo? Mgongo wa Mama umepoa?

Mimi bado niko na jarida la Mwalimu Ponsian. Yeye ndiye mhariri, anakusanya makala za wasomi juu ya ukanda wetu huu: mmoja udongo, mwingine historia, mwingine ng'ombe wa Wasukuma, anazipanga ziwe kitabu kimoja. Mimi nachapa stensili na kuzungusha mashine ya kurudufia. Toleo hili lina ile makala ya mauaji ya mwaka sabini na mbili kule Burundi, mliyosimulia wewe na mzee Onesphore, mkawataja waliofanya. Mwalimu aliagiza nyie muitwe Mzee A na Mzee B, basi.

Jumatatu walikuja wanaume wawili na gari, Kirundi chao kizuri, wapole sana. Walishika nakala yetu imekunjwa ukurasa wa mwisho. Mmoja akambeba Emelyne, akasema sura hii anaijua. Wakauliza njia ya Kasokola. Mwalimu akawajibu yeye ni mtu wa vitabu, barabara hazijui. Walipoondoka aliniangalia tu.

Jana jirani yangu Specioza katoka Kasokola. Anasema mzee Onesphore alipanda gari la wageni Jumatatu hiyohiyo, kavaa viatu vya kanisani, eti anakwenda kusalimiana na watu wa nyumbani. Mpaka leo hajarudi.

Baba, nisamehe. Ule ukurasa ni wangu. Niliona ni dharau, mtu akupe maneno yake yote halafu umwite herufi. Kwetu ukipewa kitu unashukuru kwa jina, mbele za watu. Mwalimu alipokwisha kusahihisha akasafiri, nikaongeza stensili moja mwishoni, Shukrani, majina yenu na mnapokaa. Nilitaka ujione kitabuni. La kwanza Onesphore. La pili lako.

Ondokeni leo. Muhogo uacheni shambani. Msiniambie hata mimi mnakokwenda. Tutaonana tu, Baba, naamini. Msalimie Mama sana.

Mimi binti yako,
Immaculata

Baba, gari limesimama nje. Mwalimu ananiita huko mbele, sauti yake siyo. Specioza yuko mlango wa nyuma, anawahi lori la Sibwesa. Nampa barua na mtoto pia, ondokeni naye. Halali mpaka umpapase mgongo, na usiku akilia um