CB, redio ya ridhaa, na mama mkwe sebuleni

Jumapili, Mutakura, Bujumbura. Mvua imekatika saa tisa, matope mpaka mlangoni, na mimi nimechefukwa kama mtu aliyekunywa maziwa ya juzi.

Nimechefukwa na redio. Na shemeji. Na mdomo wangu huu, ambao umefika Dar, Mombasa na Lubumbashi kwenye malori ya watu, ila shuleni uliishia la sita.

Wiki tatu nahangaika kuchagua. Huku kuna CB, redio ya madereva ya kuongea lori kwa lori, niliyoing'oa kwenye lori lililokufa: unaifunga kwenye betri, unapandisha antena juu ya bati, unaongea. Kule kuna redio ya ridhaa: usome kitabu, ufanye mtihani, uombe kibali, upewe jina la hewani linaloanza na 9U, ndipo uongee na Brazil. Fundi Ramadhani wa Cibitoke, anayetengeneza redio tangu mi sijaota ndevu, alinisikilizisha hao watu wa ridhaa. Watu wapole sana. Wanavuka bahari yote ile kuambiana kwamba wanasikika vizuri na nyumbani kuna baridi. Nilisinzia. Lakini hakuna aliyetukana, na kila mmoja alijitaja kwanza.

Kwenye CB hakuna mwenye jina. Ni madereva wa malori ya mitumba kutoka Ulaya, na wanaongea kama watu wenye hakika kwamba mama zao hawasikii.

Fundi alinionya. "Sikia, Bwana Brazil. Hiyo CB yako ikijitahidi sana inafika Carama hapo jirani, na pale malori yanapolala. Basi. Usidanganye watu."

Nikadanganya watu. Nilimwambia mama mkwe inafika Dar.

Mtoto wake Égide, dereva wa lori, kaka wa mke wangu, ana miezi miwili hajapiga simu, na namba yake haipatikani. Mama mkwe amekonda. Mi siwezi kuona mama wa watu anakonda nikanyamaza, basi nikajigamba: "Mabukwe, kuja Jumapili kiisha misa, nitakutafutia Égide hewani."

Akaja, na kitenge cha sikukuu. Kwetu mbele ya mama mkwe hata choo hakitajwi, unasema unatoka nje kidogo. Kula mbele yake mi bado naona haya. Nikamkalisha kwenye kiti kizuri, nikawasha.

Mungu wangu.

Wa kwanza alikuwa anaeleza mishikaki ya njiani ilivyomfanya tumboni, hatua kwa hatua. Wa pili akamjibu kwa habari za mwanamke wa baa, pamoja na vipimo. Mke wangu akakimbilia jikoni. Nikatafuta pa kuzima, nikazungusha kitufe sicho, nikaongeza sauti.

Wa tatu akacheka, akakohoa, akasema jambo ambalo siwezi kuliandika hapa, na hapa nimeshaandika mengi. Akamalizia kwamba mvua imemharibia siku, turubai lote limejaa maji, sasa hivi tu.

"Acha," mama mkwe akasema. "Usizime, mukwe wangu. Ni Égide."

Ni yeye. Hata mi nilimjua kwa kile kikohozi.

Alisikiliza uchafu wote ule, mikono magotini, kama yuko kwenye mahubiri, mpaka sauti ikapotea. Kisha akauliza: "Iko wapi mutoto wangu?"

Jibu nilikuwa nalo. Yuko hapa. Hapa hapa Bujumbura, mwendo wa baiskeli kutoka kwenye kile kiti, anacheka na wenzake, na miezi miwili mama yake hakujua kama yu hai.

"Dar, Mabukwe. Bandarini. Si nilikwambia inafika?"

Nimejisifu maisha yangu yote. Leo ndiyo mara ya kwanza imeniuma.

Akamshukuru Mungu, akajifunga kitenge vizuri. Mlangoni akayatazama matope, akauliza bila kunigeukia: "Na huko Dar mvua imenyesha saa ile ile na huku kwetu?"

"Imenyesha kila mahali, Mabukwe."

"Haya," akasema. "Jumapili nitarudi."

Kitabu cha Fundi kiko mezani, nimefika ukurasa wa nne. Jana nilikuwa nimeshaamua: ridhaa, kwa watu wenye adabu. Sasa Brazil itangoja, maana aliyenichefua hana 9U, ana CB tu. Kesho asubuhi nitawasha ule uchafu, nimwite Égide kwa jina lake na la baba yake, madereva wote wasikie. Nimwambie mama yake alikuwa sebuleni kwangu na alisikia kila neno. Asipotokea, nitamfuata palepale kwenye malori.

Na akifika kwa mama yake, aseme ametoka Dar.