Pedali ya Isihaka

Nachingwea,
14 Juni 2024

Dada yangu mpendwa Hajra,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watoto, na shemeji Masoudi awe ameanza kukunja vidole. Mimi mwili hauna neno. Mama goti linamsumbua, lakini juzi alikwenda msibani kwa miguu yake. Ningekupigia simu, ila nikisikia sauti yako nitasema uongo tena.

Tangu shemeji alipoiacha bendi yetu na kuondoka na gitaa lake la besi, muziki ulipwaya. Kwenye harusi ya Nanganga watu walikaa tu wanakula. Isihaka, kiongozi wetu, hupitisha gitaa lake kwenye pedali, kile kiboksi cha kukanyaga kinachofanya nyuzi zikorome. Mlio wake ulikuwa mwembamba, unachoma masikio. Mimi kama fundi redio nikamwambia naweza kukifungua nikakiongezea besi. Akajibu kwamba kile ni kumbukumbu ya marehemu kaka yake, na nikikigusa atanivunja mikono.

Jumamosi moja akakuta pedali haipo. Mtu akasema jana yake alimwona Masoudi kwenye stoo ya bendi, amefuata waya wake. Hakuna aliyeuliza zaidi. Tukapanda pikipiki tatu mpaka kwenu Matambarale.

Ndiyo, dada, waliompiga tulikuwa sisi. Shemeji alikuambia ni watu asiowajua kwa sababu hakutaka ujue kwamba nami nilikuwemo.

Tulimkuta shambani anakung'uta ufuta. Isihaka hakusalimia. Alimpiga mgongoni kwa mpini wa jembe, akaanguka juu ya turubai, damu ya mdomo ikaingia kwenye ufuta. Wakamkanyaga mbavu. Kila alipoapa kwamba hajaiona, waliongeza. Kisha wawili wakaulaza mkono wake wa kushoto juu ya jiwe, na Isihaka akavishukia vidole kwa mpini, kimoja baada ya kingine. Nilivisikia vikivunjika.

Shemeji akaniona. Akasema, "Rama, waambie mimi si mwizi." Isihaka akanigeukia, akauliza kama nina la kusema. Nikampiga shemeji teke la mdomo ili asilitaje jina langu tena. Meno yale mawili niliyang'oa mimi.

Na pedali ilikuwa kwangu. Niliichukua Ijumaa, wenzangu wakiwa msikitini, nikitaka kumshangaza Isihaka. Nilitoa kapasita moja ndogo ili niweke kubwa zaidi, ipitishe mlio wa chini. Moto wa kulehemu ukazidi, njia ya shaba ikabanduka kwenye bodi, pedali ikafa. Wakati shemeji anavunjwa vidole, ilikuwa mezani kwangu, imefunikwa kwa shati.

Jana nilimpelekea Isihaka na kumweleza yote. Alinipiga mpaka akachoka, sikujikinga. Halafu akakaa chini, akalia. Mama naye nimemwambia. Amesema sitakula kwake kabla sijakuandikia.

Jumatatu nakwenda polisi Ruangwa kutaja majina yote, nikianza na langu. Ukiniruhusu nitapita kwako kwanza. Usiponiruhusu, nitaelewa.

Wabusu watoto. Shemeji sina uso wa kumsalimia. Msomee barua hii yote, hasa hapo penye pedali. Teke analijua, lakini hilo hajalijua bado.

Ni mimi mdogo wako,
Ramadhan