Wilaya Niliyowafundisha Watoto

Nakivale, Isingiro
Tarehe 14 Julai 2024

Mpendwa yaya Grégoire, kaka yangu mkubwa,

Amani ya Bwana ikukute umeketi mlangoni, si kitandani. Patrice aliponiletea maneno yako alisema mguu bado unakusumbua ukipanda kilima. Unapakaa ile dawa? Na wajukuu, wanaamka vizuri? Sisi huku tuko wazima. Vumbi la mwezi wa saba limenipa kikohozi, lakini Jumapili niliimba kwaya mpaka mwisho, basi ujue si cha kuogopesha.

Bado niko shuleni. Unajua kwamba walimu wa hapa wanafundisha kwa Kiingereza, na sisi wakimbizi wachache tunasimama kando yao tukiwageuzia watoto maneno yao kwa Kiswahili. Mimi niko darasa la nne na mwalimu Mutesi, binti wa Bwizibwera, kule ukishapita Mbarara. Ni mtu mwema. Hanywi uji wa saa nne bila kunimiminia nusu.

Yaya, nimefanya kosa, na nataka ulisikie kwangu kabla Patrice hajalipamba.

Muhula huu jiografia ya darasa la nne ni wilaya: mipaka yake, vilima, mito, ng'ombe na ndizi zake. Siku ya kwanza Mutesi alichora Isingiro ubaoni, akasema hii ndiyo wilaya yetu. Nikafungua kinywa nigeuze, kinywa kikakataa. Watoto themanini wananitazama. Nikasema: "Hii ni wilaya ya wenyeji waliotupokea. Yenu ni kule wazazi wenu walitoka. Mukifika nyumbani muulize, mukariri." Mutesi anajua Kiswahili cha soko tu. Aliona watoto wanaitikia, akafurahi, akaendelea.

Usinifikirie vibaya. Wale watoto wengi wamezaliwa hapa hapa. Niliona kama ninawarudishia kitu walichoibiwa. Hata wazazi walinishukuru kwenye bomba la maji.

Halafu mtihani ukaja. Swali la kwanza: taja wilaya yako. Watoto wa kwetu Kongo wakaandika Fizi, Uvira, Walungu. Watoto wa Warundi wakaandika Makamba na Rumonge. Waliopata hawakuzidi sita. Mmoja alichora hata ziwa Tanganyika na samaki ndani, zuri kweli, akapewa sifuri.

Mkuu wa shule akamwita Mutesi. Ana mwaka mmoja tu kazini, bado anaangaliwa. Aliambiwa hakufundisha, na kwamba barua ya kumshtaki itaandikwa iende ofisi ya wilaya. Nilimwona anatoka ofisini anapitisha kitambaa machoni, nami niko na ufagio, ninafagia kama asiyejua kitu.

Siku mbili nilinyamaza. Nilijiambia, mimi mkimbizi nikifukuzwa nitakwenda fasi gani? Yeye ni mwenyeji, atapata shule nyingine. Lakini nikipiga magoti, maombi hayapandi. Ninaombea wagonjwa, ninaona kile kitambaa. Jumatano asubuhi nikaingia ofisini, Mutesi mwenyewe akiwapo, nikasema yote.

Mkuu alimgeukia Mutesi. Mutesi ndiye aliyesema, kwa kile Kiswahili chake: "Nyabo, mama, kumbe darasa iko na walimu wawili? Mimi nasema yangu, wewe nasema yako?"

"Ni vile, mwalimu. Unisamehe."

"Na watoto yote nasikia wewe, mimi hapana." Akacheka kidogo, hasira ikiwa bado usoni.

Barua haikuandikwa. Mkuu alimwachia Mutesi aamue kama nibaki. Alisema nibaki, ila kesho yake somo lirudiwe tangu mwanzo, na mimi niligeuze kama lilivyo, nisitie chumvi yangu.

Basi kesho yake akachora tena, akasema yake. Nikasema, "Watoto, wilaya yetu ni Isingiro."

Larissa, binti wa jirani yangu, akanyoosha mkono. "Mama mwalimu, sasa ile wilaya mama yangu alisema ni ya uongo?"

"Hapana. Ile ni ya mama yako, kule ndiko alizaliwa. Wewe ulizaliwa wapi?"

"Hapa, kwenye kituo cha afya."

"Basi, andika."

Akainama akaandika, na wenzake wakaandika, wala hakuna aliyeumia. Mimi ndiye niliyetoka nje kunawa uso.

Nimewaza mingi tangu siku ile. Nilidhani ninalinda kitu cha watoto, kumbe nilikuwa ninalinda changu, na karibu Mutesi akilipie. Bwana anisamehe hilo pia.

Patrice anapitia Mbarara kesho kupanda basi akiwa na barua hii, kwa hiyo nifupishe. Nisalimie mama Jocelyne, mke wako, na mzee Yonatani wa kanisa. Mwambie bado ninaimba sauti ya pili.

Umeniuliza kama nitarudi kulima shamba langu la huko kwetu Mboko, au libaki pori mwaka mwingine. Mpe binti yako Léoncie. Asilime kama mtu anayenishikia fasi. Apande michikichi, ile mtu anapanda akijua atakaa.

Mungu wa baba zetu awalinde nyote, mnapolala na mnapoamka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Apollinarie