Chapa Kwenye Mzinga Namba Moja

Jumapili, 2 Machi

Nimepoteza nyuki wangu. Wote. Mzinga namba moja, jana Jumamosi, kati ya saa nne na saa saba mchana, nikiwa mjini kununua dawa ya kupe. Nimeondoka wapo, nimerudi hawapo. Naandika hapa kwa sababu nikisema kwa sauti nitalia, na mimi sikulia hata mwaka wa ukame tulipozika ng'ombe arobaini na mmoja.

Siku kumi na tisa tu nimekaa nao!

Mume wangu anasema nyuki ni wahamaji, wameamua wenyewe. Wameamua! Kama wapangaji. Na anayasema hayo akiwa amefunga kola mpaka kidevuni, jua lote hili.

Nilianza ufugaji na mitamba watatu. Leo tuna ng'ombe mia moja sitini na tatu, na kila mmoja namjua kwa namba. Lakini kitu cha kuchezea sikuwahi kuwa nacho. Daktari ndiye aliyemwambia Mzee wangu atafute jambo la kupumzisha kichwa, presha yake inapanda. Nikasema: nyuki. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akachonga mizinga miwili kwa mkono wake — namba moja wangu, namba mbili wake. Kila jioni tunapindua ndoo, tunakaa, tunawatazama wakirudi. Miaka ishirini na minne ya ndoa, hatukuwahi kukaa pamoja saa nzima bila kuongelea kwato.

Na sasa wangu wamekwenda. Wake wapo. Haki iko wapi?

Jumatatu, 3 Machi

Lakini hao wa namba mbili, jamani!

Saa mbili asubuhi nimehesabu: nyuki sitini na wanne kwa dakika moja wanaingia, ishirini na wawili wamebeba chavua miguuni, ya njano iliyoiva, kama wamevaa soksi mpya. Mmoja alizidiwa na mzigo akaanguka mlangoni, akajiokota, akaingia kwa miguu. Nilipiga makofi! Mtu mzima mimi. Ng'ombe walichelewa kuogeshwa nusu saa kwa ajili yangu. Wasubiri.

Nikampigia Mama Nta, yule mama aliyetuuzia nyuki na kutufundisha. Akauliza: sisimizi? Hakuna. Maji? Yapo, mita kumi na mbili. Njaa? Soksi zote hizo, njaa ya wapi! Akasema nyuki hawahami kwa hamu ya safari, kuna mtu au kitu kimewafukuza. "Fungua mzinga, mwanangu. Usiulize watu, uulize mzinga."

Kesho basi. Mzee anasema niuache kwanza upumzike. Upumzike! Mzinga mtupu unachoka na nini?

Jumanne, 4 Machi

Nimejua.

Nimeinua mfuniko. Fremu za mbele safi, masega meupe yamesimama wima. Fremu mbili za nyuma — masega yamelegea yakalala chini, kama mshumaa uliosahauliwa dirishani. Na harufu. Si ya asali. Ni harufu ninayoijua kuliko manukato yangu.

Nikazunguka nyuma ya mzinga, upande wa uzio, ambako mtu hapiti.

Chapa! Chapa yetu ya ng'ombe, duara na mistari miwili, imezama kwenye ubao kama milimita nne. Mzee amechukua chuma, amekiweka motoni mpaka kikawa chekundu, amewapiga chapa NYUKI. Wakiwa ndani! Sidhani kama kuna mwingine duniani aliyewahi kufikiria hivyo.

Najua wazo hilo lilikotoka. Miaka miwili iliyopita ndama dume asiye na chapa alivuka uzio kati yetu na mdogo wake. Kila mmoja akasema ni wake. Mdogo mtu akabaki naye, na tangu siku hiyo hawajasalimiana. Tangu siku hiyo pia Mzee anapiga chapa kila kilicho cha mbao. Mpini wa koleo. Kigoda cha jikoni. Mwiko! Napika ugali kwa mwiko wenye chapa ya ng'ombe.

Nilimkuta kwenye birika la kunyweshea mifugo. Nikamuuliza mara moja tu. Akatazama maji.

"Nilitaka wajulikane ni wetu."

"Sekunde ngapi?"

"Tano. Labda sita."

"Ng'ombe unamwekea tatu!"

"Ubao ni mkavu, mke wangu, chapa haikuonekana vizuri."

Nikamwambia afungue kola. Hakutaka. Nikaifungua mwenyewe. Uvimbe kumi na mmoja, mmoja nyuma ya sikio, mkubwa kama punje ya hindi. Ndiyo maana namba mbili ilipona — alikimbia kabla hajaifikia! Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikashika birika. Naye akacheka. Kisha nikakumbuka alivyonitazama Jumapili usoni akasema "wameamua". Kicheko kikaishia hapo.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimemwambia maneno matatu. Chumvi. Lango. Hapana.

Amenipa mzinga wake. Ati namba mbili sasa uwe wangu. Ndipo likaja lile neno la tatu.

Alhamisi, 6 Machi

WAMEPATIKANA!

Saa nne Mama Nta alipiga simu. Shemeji — mdogo wake Mzee, huyohuyo — amemwita aende kumtolea nyuki kwenye banda lake la mizani ya ng'ombe. Waliingia Jumamosi mchana, wengi, kama wingu, wakajaa kwenye pipa tupu la molasi. Jumamosi mchana! Nikapiga hesabu hapohapo: kutoka kwetu mpaka bandani kilomita moja na robo. Ni wao. Nikawasha gari na aproni yangu kiunoni.

Kuwasikia tu! Pipa zima linanguruma kama friji kuukuu. Nililiwekea kiganja, lilikuwa na joto, na moyo wangu ukaenda mbio kama wa msichana.

Shemeji alikuwa ameegemea mizani, mikono kifuani. Sijaingia kwake miaka miwili. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza.

"Nyuki wako, shemeji?"

"Wangu."

"Wana chapa?" Wafanyakazi wake wakaangua kicheko. "Nionyeshe chapa, uchukue. Si ndiyo sheria ya kwenu?"

Aliyatunza maneno hayo miaka miwili, nina hakika. Lakini hakujua ninachokijua. Malkia wangu ana doa la bluu mgongoni. Mama Nta alimpaka siku aliyotuuzia, kwa brashi ndogo ya kucha. Nikamwambia Mama Nta achungulie. Akapuliza moshi kidogo, akasogeza nyuki kwa unyoya taratibu, kundi baada ya kundi. Dakika tisa. Kisha: "Huyu hapa bibi harusi. Bluu!"

Nikaruka! Nikamkumbatia Mama Nta, moshi na vyote.

Shemeji akachungulia mwenyewe, muda mrefu. Akasema sawa, ni wako. Kisha akauliza kwa nini walihama. Ningeweza kudanganya. Nikamwambia: chapa. Chuma cha moto. Alinitazama kama nimetukana, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya mizani. Kilo themanini na tatu, ikasoma.

Alipofuta machozi hakuwa anacheka tena. "Wachukue, shemeji. Lakini aje yeye. Aniambie kwa mdomo wake alichofanya. Na ya ndama pia."

Malori yake yanakuja Jumamosi saa mbili asubuhi na ng'ombe tisini wa kupimwa, na pipa halitakuwepo bandani malori yakifika. Mzee mwenyewe asipokuja kabla ya hapo, Mama Nta anaondoka na nyuki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemweleza Mzee yote wakati wa chakula cha mchana, bila kupunguza wala kuongeza. Aliposikia wamepatikana aliinuka, kiti kikaanguka, akasema "Malkia yu hai?" kama anauliza habari za mtoto. Aliposikia sharti, akakaa.

Akaanza. Yeye ndiye mkubwa. Ndama alikuwa wake. Mdogo hamwiti mkubwa.

Basi nikaleta daftari la vizazi. Nililiweka mbele yake, juu ya sahani. Msimu ule majike thelathini na wanane walizaa. Ndama thelathini na wanane niliwapiga sindano kwa mkono wangu, wiki moja baada ya yule dume kuvuka uzio. Hakuna aliyepungua. Yule wa thelathini na tisa ametoka wapi? Nilimwambia wakati ule, akasema wanawake na makaratasi. Leo hakusema hivyo. Alipitisha kidole kwenye safu, namba moja moja, mpaka chini. Akarudia.

Mchana wote hakuonekana. Jioni nimemkuta nyuma ya namba moja, anakwangua ile chapa kwa msasa. Amekwisha badilisha fremu mbili za nyuma. Mzinga uko tayari, msafi, mzuri kuliko mwanzo.

Nikamwambia: nyuki wanahamishwa alfajiri, kabla hawajaanza kuruka. Saa kumi na moja na nusu gari litakuwa linanguruma mlangoni. Nikienda peke yangu narudi peke yangu, na hilo unalijua. Unakuja kusema, au huji?

Akapuliza vumbi la mbao. Akauliza kama mdogo wake bado anakunywa chai bila sukari.

Nikamwambia hilo si jibu. Sitaki mdogo wako anakunywaje, sitaki tutaona, sitaki Mungu akipenda. Ndiyo au hapana, na jibu nilipate kabla ya saa kumi na moja na nusu.